Ndia Kuu haianzii Ngomeni

Kila mgeni akija Mombasa, najua tutaishia wapi. Atafika usiku, atakula pilau, na asubuhi yake ataniambia, "Nipeleke Fort Jesus." Tutakata tiketi langoni, tutapanda ukutani kupiga picha na mizinga, tutashuka kunywa dafu. Tukitoka atatupia macho Ndia Kuu, atapiga selfi kwenye mlango mmoja wa nakshi, kisha ataniuliza feri iko wapi twende zetu Diani. Saa mbili tu, na Mji wa Kale umeisha.

Matembezi hayo nimeyafanya mara nyingi mno, na klipu zake mmeziona. Leo nataka kusema wazi kwamba tunayafanya kinyumenyume. Tunaanzia mahali ambapo tungepaswa kumalizia. Matokeo yake tunamfunza mgeni, na kujifunza wenyewe, kwamba historia ya Mombasa ni historia ya watu waliokuja kuipiga Mombasa.

Hebu tuanze na jina. Mgeni akisoma "Ndia Kuu" kwenye kibao hudhani aliyeandika amekosea. Hajakosea bana. Hiyo ni Kimvita. Kwetu njia ni ndia, njoo ni ndoo, njaa ni ndaa. Mabarabara mengi ya mji huu yamebadilishwa majina kila alipokuja mkubwa mpya, lakini hii imebaki na jina ambalo bibi yako angeliita. Ndia Kuu, yaani njia kubwa. Kubwa kwa nani? Kwa watu waliokuwa wakiipita kwenda sokoni, msikitini na bandarini.

Na watu hao walikuwepo zamani. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipita hapa mwaka 1331 akalala usiku mmoja. Aliandika kwamba chakula cha watu wa Mombasa ni ndizi na samaki, kwamba ni watu wema na wacha Mungu, na kwamba misikiti yao ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Akaona pia maji yamewekwa mlangoni mwa msikiti, mtu anaosha miguu kabla ya kuingia. Wazee wetu nao wanahesabu mji kuanzia kwa Mwana Mkisi, kisha Shehe Mvita, ambaye jina lake ndilo tunaloliita kisiwa na lahaja yetu mpaka leo. Sasa piga hesabu. Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593. Ibn Battuta alikuwa ameshaosha miguu hapa miaka 262 kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa.

Katikati ya hapo ndipo Wareno wakaja. Vasco da Gama alifika 1498. Mwaka 1505 Francisco de Almeida akaupora mji na kuuchoma moto, na mwaka 1528 Wareno wakaupiga tena. Walipoona kila wakiuchoma mji unarudi, wakaamua kujenga. Mchoro ulitoka kwa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano, na mfalme aliyekuwa akitawala Ureno wakati ule alikuwa Philip wa Pili wa Uhispania. Kwa hivyo ukimwambia mgeni "hapa ndipo Mombasa ilipoanzia" huku umesimama kwenye lango la Ngome, umempotosha. Hapo ndipo Mombasa ilipokaliwa.

Mimi napendekeza hivi: anzia baharini, upande wa Bandari ya Kale, halafu rudi polepole kwa miguu mpaka Ngomeni. Ukifanya hivyo hadithi inajipanga yenyewe.

Bandari ya Kale leo imetulia. Utakuta jahazi moja au mawili, wachukuzi wachache na harufu ya samaki. Lakini hapa ndipo mji ulipokuwa ukipumulia. Kaskazi ilivuma, majahazi yakashuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yakiwa na tende, mazulia na vyombo. Yakangoja. Kusi ikaanza, yakarudi na boriti za mikoko na bidhaa za bara. Miezi ile ya kungoja ndiyo iliyozaa nusu ya tunachokiita utamaduni wa Pwani. Mabaharia walikaa, wakaoa, wakasali, wakakopa, wakagombana, wakaacha maneno yao na mapishi yao. Mgeni akionja haluwa na kahawa chungu, mwambie vilikuja kwa upepo.

Karibu na hapo kuna Leven House, na mbele yake ngazi zilizochongwa mwambani zikishuka hadi majini, penye kisima cha maji matamu. Leven lilikuwa jina la meli ya Kiingereza ya kapteni William Owen, aliyekuja mwaka 1824. Na hapa kuna kisa ambacho sijui kwa nini hatukisimulii zaidi. Mombasa ilikuwa chini ya Wamazrui, na Wamazrui walikuwa wakimwogopa Seyyid Said wa Oman. Basi wakaona afadhali wajikinge kwa Mwingereza. Owen alipoingia alikuta bendera ya Uingereza imeshapandishwa na wenyeji wenyewe! Akakubali kuulinda mji, akamwacha luteni wake, Reitz, awe mkuu wa hapa. Reitz hakumaliza miezi mitatu minne, homa ikamuua Mei mwaka huohuo. Ukipanda matatu ya Port Reitz, jina unalolitaja ni la kijana yule. Ulinzi wenyewe ulikufa mwaka 1826, London haikuutaka, na mwaka 1837 Seyyid Said akauchukua mji. Ndio maana nasema watu wa Mombasa hawakuwa wakikaa tu wakingoja kutawaliwa. Walipiga hesabu zao, wakacheza siasa na mataifa makubwa. Mara nyingine walipata, mara nyingine walikosa.

Ukitoka hapo shika barabara ya Sir Mbarak Ali Hinawy. Utauona mnara mweupe wa Msikiti wa Mandhry, umechongoka juu. Unahesabiwa kuwa wa mwaka 1570 hivi. Maana yake ulikuwepo zaidi ya miaka 20 kabla ya Ngome, na adhuhuri ya leo watu wamesali ndani yake. Ngome imekuwa kambi, imekuwa gereza, imekuwa makumbusho. Msikiti umebaki msikiti. Kwangu mimi hilo ni la ajabu kuliko mizinga yote, lakini halina tiketi wala kibao kikubwa, basi wageni hupita wakiangalia simu zao. Na kama wewe si Mwislamu, au hujavaa vizuri, usiingie tu kwa kuwa mlango uko wazi. Uangalie kwa nje, msalimie aliyekaa barazani, atakueleza.

Barabara hiyo yenyewe zamani iliitwa Vasco da Gama. Leo ina jina la mtu wa hapa, aliyekuwa Liwali wa Pwani, na ambaye mwaka 1950 alichapisha kitabu kuhusu Al-Akida na Ngome. Al-Akida alikuwa kamanda wa Ngome kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar. Alipokosana na Sultani Barghash akageuza mizinga akaupiga mji wenyewe. Januari 1875 meli za Kiingereza zikaipiga Ngome mpaka akasalimu amri. Nimekipenda kisa hicho kwa sababu kinatuonyesha vile watu wa Ndia Kuu walivyoiona Ngome kwa karne nyingi. Kwao ilikuwa jirani mwenye bunduki. Akiamka vibaya, ni nyumba yako inayoungua.

Haya, sasa tuko Ndia Kuu yenyewe. Hapa nitawaudhi baadhi ya ndugu zangu wanaoongoza watalii. Jamani, tuache kuwaambia wageni kwamba nyumba hizi zote zina miaka 400. Nyingi tunazoziona ni za karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20. Njia ni ya zamani, nyumba zimekuwa zikijengwa upya juu yake. Roshani zile za mbao zilizochongwa zina mkono wa mafundi na wafanyabiashara waliotoka Gujarat. Milango ina mfaa katikati na nakshi za Kiswahili, Kiarabu na Kihindi zimechanganyika mpaka hujui ya nani ni ipi. Ukuta ni jiwe la matumbawe na chokaa. Dari ni boriti. Na kwa sababu boriti ya mkoko haiendi mbali, vyumba vya nyumba za zamani huwa vyembamba na virefu. Umbo la chumba cha bibi yako liliamuliwa na urefu wa mti. Hayo yanatosha kumshangaza mgeni, hakuna haja ya kuongeza chumvi.

Tena angalia miaka. Jengo la kituo cha polisi pale uwanjani karibu na bandari, ambalo baadaye likawa duka la vinyago, ni la 1898. Africa Hotel, mojawapo ya hoteli za mwanzo kabisa mjini, ni ya 1901. Mahakama ya zamani kule karibu na Ngome ni ya 1902. Polisi, hoteli na mahakama, ndani ya miaka minne! Kwa nini? Reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896, na mwaka 1901 ikafika ziwani. Ghafla mji ukajaa makarani, mafundi, wafanyabiashara na wasafiri, na wote walipitia mitaa hii. Kulikuwa na vigari vidogo juu ya vyuma vya reli, mkubwa amekaa juu chini ya kivuli, na watu wawili nyuma wanasukuma kwa miguu yao kutoka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Picha zake zipo. Ukiziona, uangalie na wale wanaosukuma, kwa sababu jina la aliyekaa huandikwa chini ya picha, lakini lao haliandikwi.

Halafu Kilindini ikakua. Meli kubwa zikahamia huko, makao ya serikali yakahamishiwa Nairobi, maduka makubwa yakafuata barabara mpya. Ndia Kuu ikapungua kelele. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu bado ipo. Pesa zingebaki hapa, zingebomoa kila kitu na kujenga upya. Zilipoondoka, zikatuachia roshani.

Na sasa, baada ya saa nzima ya kutembea, ndio tunafika Ngomeni. Umeona ukisimama hapo ukitokea mjini unavyoiona tofauti? Ni kubwa kweli. Kuta zake zinatisha kama zilivyokusudiwa. Lakini tayari unajua inatazamana na nani.

Ingia, lipa, si vibaya. Mwangalie Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme wa hapa, aliyepelekwa Goa akiwa mdogo, akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme kwa jina la Kireno. Agosti 1631 akamuua kapteni na kuiteka Ngome. Mwaka uliofuata akaondoka na Wareno wakarudi. Kisha soma kuhusu kuzingirwa na Waomani, kuanzia 13 Machi 1696 mpaka 13 Desemba 1698, miezi 33. Huwa tunasimuliwa kama ugomvi wa Wareno na Waarabu, sisi tuko pembeni tunatazama. Si kweli. Kumbukumbu za Wareno zenyewe zinasema mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza Wareno waliokuwa ndani, na kwa wiki kadhaa Ngome ikashikiliwa na Bwana Daud wa Faza na jamaa zake, pamoja na wanaume wachache wa Kiafrika na wanawake wa Kiafrika wapatao 50. Wanawake 50 juu ya kuta zile! Unaweza kusema walikuwa upande usiofaa, tutabishana. Lakini walikuwepo. Mara ngapi umesikia mtu akiwataja pale langoni?

Kisha ukumbuke gereza. Kuanzia 1895 mpaka 1958 Ngome ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni. Miaka 63. Ndio maana kuna wazee mjini ambao "kupelekwa Ngomeni" kwao hakukuwa matembezi. Mwaka huo wa 1958 ikatangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2000. Mji wa Kale wa Lamu ukaingia 2001. Kote kuwili kilichoandikishwa ni mji, yaani nyumba, vichochoro, misikiti, watu na maisha yao. Mombasa tukaingia 2011. Kilichoandikishwa ni Fort Jesus. Eneo lenyewe halifiki hekta 3. Mji wa Kale unatajwa kama mazingira yanayoizunguka.

Sisemi waliofanya kazi ile walikosea. Ngome inastahili, na kuandikishwa kumesaidia kuilinda. Ninachosema ni kwamba tumechukua uamuzi wa kitaalamu tukaufanya uamuzi wa moyo. Shule zinaleta watoto Ngomeni, basi la shule linageuka palepale, linarudi. Mgeni analipa tiketi Ngomeni, halafu Ndia Kuu anapita bure na kuiita "mandhari". Pesa zinaingia langoni na sehemu kubwa ya mtaa haizioni.

Mwaka jana nilikuwa na binamu yangu kutoka Nairobi. Tulisimama mbele ya mlango mmoja mzuri sana, tukapiga picha kama kumi, mimi namwelekeza asogee kushoto, ainue kidevu. Mlango ukafunguka. Bibi mmoja, leso kichwani, akatutazama.

"Mwanangu, picha umepata. Na salamu?"

Wallahi niliona haya. Nikamwambia shikamoo, akaitikia, akacheka, akatukaribisha barazani. Alituonyesha mahali mfaa ulipoliwa na mchwa na fundi akaupachika kipande. Akatuonyesha dari ya sebule, boriti mbili zimepinda, chini kumewekwa ndoo kwa ajili ya mvua. Fundi wa chokaa hapatikani siku hizi, alisema, na akipatikana ni ghali. Simenti ni rahisi lakini inabanduka na ukuta wa matumbawe haupumui. Wapo watu wameshamfuata mara mbili wakitaka kiwanja, wajenge ghorofa. "Wote wanaupenda mlango," akasema. "Hakuna aliyeniuliza habari ya paa."

Nimekaa na maneno hayo muda mrefu. Klipu zangu zimewafanya watu wengi kuupenda mlango. Sijui kama kuna hata moja iliyouliza habari ya paa.

Mji huu unalindwa na sheria, na kuna ofisi ya uhifadhi ambayo watu wake wanajua kazi yao. Lakini sheria inamwambia mwenye nyumba asibomoe, haimnunulii boriti. Nyumba ikianguka yenyewe, hakuna aliyevunja sheria. Ndivyo mitaa inavyokwisha, nyumba moja moja, na kila moja kwa sababu nzuri ya mwenye nyumba. Kijana aliyerithi chumba kimoja na ndugu zake sita, paa linavuja, mtu anamwekea pesa mezani, umwambie nini? Umwambie historia?

Basi mimi nasema tuanze na kidogo tunachoweza. Ukileta mgeni, anzia Bandari ya Kale, malizia Ngomeni. Mchukue kijana wa mtaani akuongoze, mlipe vizuri, na mwambie unataka ukweli, hata kama ukweli ni kwamba nyumba hii ni ya 1910. Kula mtaani. Viazi karai, mahamri na mbaazi, kahawa chungu na kashata, vyote viko hatua chache na pesa yake inaingia mfukoni mwa mtu anayelala hapa. Kabla hujainua simu, salimia. Mlango ni wa mtu. Walimu, basi la shule likishafika, watoto washuke, watembee, wahesabu roshani, wamuulize mzee mmoja kwa nini barabara inaitwa Ndia.

Na wakubwa wanaopanga tiketi na makadirio, kuna swali moja tu: kwenye kila shilingi ya mgeni aliyekuja kuuona Mji wa Kale, ni ngapi inafika kwenye paa la Mji wa Kale? Likijibiwa hilo kwa vitendo, nyumba ya yule bibi itapona. Lisipojibiwa, miaka 20 ijayo Ngome itakuwa imesimama palepale, imepakwa rangi, imepigwa taa, ikitazamana na maghorofa.

Mimi Jumamosi hii nitaenda tena, nianzie bandarini. Nitapita kwa bibi kwanza. Nimempata fundi mmoja wa boriti kule Kuze, mzee lakini bado anapanda ngazi. Picha za mlango zinaweza kungoja.